Toakase Hakuwa Mgonjwa

Wifi yangu Toakase hakuwa mgonjwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotutaabisha kuliko yote. Mtu wa kisiwa chetu cha Vava'u, huku Tonga, akienda ng'ambo Auckland kutibiwa figo, kanisa zima linamwombea na kwaya inamsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Akienda kutibiwa moyo, vivyo hivyo. Sasa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, anayebeba mzigo wa majani ya mkadi begani kutoka shambani bila hata kuhema, huyo anakwenda kutibiwa nini? Wanawake wa kikundi chetu cha kusuka mikeka walimpandisha na kumshusha kwa macho. Mke wa mhubiri, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akasema labda ana bwana huko.

"Labda," Toakase akajibu, akaendelea kusuka.

Huyo ndiye Toakase. Ukimrushia jiwe, analiokota na kuliweka pembeni asije mtu akajikwaa. Mimi ningemjibu yule mama mpaka akaenda kwao kulala njaa. Lakini halikuwa langu kujibu, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ni kazi ngumu kuliko kulima.

Alichokuwa nacho Toakase ni kasoro iliyokuwa ikitembea kwenye damu ya kwao. Shangazi yao Lesieli, dada wa baba yao, alikufa na titi lililooza ndani ya vitambaa. Alilifunga mwenyewe, akalifungua mwenyewe, mpaka nyumba ikanuka na bado hakuna aliyeuliza. Nani amuulize? Shangazi ndiye mkubwa wa ukoo mzima, hata kaka yake akiwa mzee wa kanisa. Hufunui nguo ya mtu kama huyo. Wakatangaza kwamba ni mapafu. Baadaye akafuata Pisila, dada mkubwa wa Toakase, naye hajafika hata arobaini. Ugonjwa wake tuliujua siku ya kumwosha maiti. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, na nilichokiona sitakisimulia hapa.

Kisha binti wa Lesieli, Kalolaine, aliyezaliwa na kukulia Auckland, akapatwa naye. Watu wa kule hawafichi. Alitibiwa, akapona, madaktari wakaichunguza damu yake wakasema hii kasoro imetoka kwa babu, na kila mwenye damu ya huyo babu apimwe. Kalolaine akapiga simu. Toakase alipokwenda huko na kikundi kuuza mikeka, akatoa damu. Jibu likaja: anayo. Daktari alimweleza kwamba katika wanawake kumi wenye kasoro ile, kama saba hivi hupata kansa ya matiti, na vifuko vya mayai navyo si salama. Kuna kipimo cha kufanyiwa kila mwaka ili kuiwahi, ila mashine yake huku kwetu haipo. Njia nyingine ni kuyaondoa matiti mapema, yakiwa bado mazima. Hospitali ikakubali kumfanyia, na watu wa kisiwa chetu wanaokaa kule wakachangishana. Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, halina kona: akatwe sasa, au akae asubiri kuwa Pisila.

Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema hapana. Ana huzuni? Hapana.

"Sasa una nini wifi?"

"Nina mkeka wa kumaliza."

Nilitamani kumtikisa mabega. Alikuwa haringi wala hajikazi. Tangu lile jibu lilipokuja alikuwa kama mtu aliyekaa juu ya mguu wake mpaka ukafa ganzi, ila kwake ilikuwa mwili mzima. Alikula alichopewa, akacheka wengine walipocheka, akachelewa kidogo. Jumapili tukifukua tanuri, yale magimbi na majani yaliyoiva kwa tui, zamani alikuwa wa kwanza kunusa na kusema chumvi imezidi. Sasa alikula tu. Nilijaribu siku moja kusahau chumvi makusudi. Hakusema neno.

Sasa nieleze habari za mume wangu, Sioeli, ambaye ni mdogo wake Toakase. Sioeli ni mkulima wa vanila. Kazi yenyewe ni ya subira, kila ua unalichavusha kwa mkono wako, moja moja, asubuhi, kabla halijafunga. Ni mtu mpole na ana aibu. Tangu alipoota ndevu hajalala paa moja na dada yake, hajakaa naye mbele ya televisheni, hajatania mbele yake. Kwetu ndivyo kaka na dada wanavyoheshimiana, na dada ndiye wa juu. Ya mwili hayatajwi kabisa wakiwa wote wawili. Mtu akiropoka neno la nguoni wakiwa wamekaa, mmoja anainuka na kuondoka, na aliyeropoka anatafuta pa kuuficha uso. Si kwamba hawapendani. Sioeli huyo huyo kila akivuna viazi vikuu, vile vinono vya kwanza havijawahi kupita mlangoni kwangu, vinakwenda kwa dada yake.

Nami niliyeolewa katikati ndiye nimekuwa mdomo wao. "Mama Siale, mwambie dada paa lake nitaliziba kesho." "Wifi, mwambie mumeo asijisumbue." Na kwa kuwa mimi si bomba la maji, maneno yakipita kwangu yanatoka yamechanganyika. Sioeli akisema "sawa", mimi hufikisha kwamba amefurahi sana. Toakase akisema "asante", nafikisha kwamba alikaribia kulia. Watu wakavu wale wangekaukiana kabisa bila mimi.

Safari ilipangwa niende naye mimi. Wenye viza wakaninyima, sijui waliniona nina sura ya kubaki. Sioeli alikuwa na yake, maana kila mwaka huenda huko kuchuma matufaha. Hapakuwa na mtu mwingine. Basi akaenda yeye, kaka na dada kwenye ndege moja, yeye siti ya mbele, dada siti ya nyuma, mimi nimebaki kwenye uzio nawapungia mkono na moyo umenikaa vibaya.

Yaliyotokea kule niliyapata kwa vipande, kimoja kwa huyu, kingine kwa yule. Kalolaine aliwapeleka hospitali asubuhi ile halafu akakimbilia kazini. Hospitali ilisema aje na ndugu wa karibu wa kumtia nguvu, na Kalolaine, Mtonga wa kuzaliwa ugenini, akaona kaka si ndiye huyo, kuna ndugu gani wa karibu zaidi? Akamsukumia Sioeli ndani. Daktari alikuwa mama mwembamba, mpole. Alimuuliza Toakase kama ni sawa kaka yake awepo. Hebu mjibu wewe. Aseme hapana, amfukuze mdogo wake aliyevuka bahari kwa ajili yake? Akasema ndiyo. Daktari akatoa picha ya kifua cha mwanamke, imechorwa mistari pa kukata, akaiweka mezani katikati yao.

Sioeli akainuka akatoka.

Toakase akasikia mlango. Daktari akamuuliza kama waendelee. Akasema anaomba arudi nyumbani kwanza. Daktari akadhani ni woga, akamwambia hakuna haraka ya siku moja mbili, uamuzi ni wake, ila asikae muda mrefu. Kitanda chake akapewa mwingine.

Mimi huku sijui hili wala lile. Nilikwenda kuwapokea na gari la jirani, nimepanga mito siti ya nyuma, nimepika mchuzi mwepesi. Nikamwona wifi yangu anashuka ngazi za ndege, begi lake zito analo begani mwenyewe. Nilielewa pale pale. Mito nikaikalia mimi.

Nilimuuliza Sioeli, akasema dada amekataa. Nilimuuliza Toakase, akasema ndiyo hivyo. Ndiyo hivyo vipi? Ndiyo hivyo, wifi. Wakaingia kila mtu nyumbani kwake. Kwenye kikundi, mke wa mhubiri akasema wamemrudisha maana wameona amezidi uzima, wote wakacheka, Toakase akacheka naye, mwisho mwisho, peke yake. Akaanza mkeka mwingine, mkubwa, wa nyuzi nyembamba, ule wa kuchukua miezi. Nikamuuliza ni wa harusi ya nani. Akasema atajua ukiisha.

Nilikaa na hali hiyo muda mrefu kuliko nilivyodhani naweza. Nina mabinti wawili, Siale na Mafi, na wote hushinda zaidi kwa shangazi yao kuliko kwangu. Siku moja asubuhi nilikwenda kumwita Siale nikapita nyuma ya nyumba, nikamkuta Toakase amesimama kando ya tangi la maji, mkono umeingia ndani ya blauzi, anajipapasa. Polepole, upande huu, kisha upande huu. Uso wake haukuwa na kitu.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna," akasema. "Leo hakuna."

Nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata hata siku ya kunyimwa viza. Nikamwambia kumbe anaogopa, kumbe kila siku anaamka kujitafuta, sasa alikataa nini? Alikataa kwa nini? Nani aliyemwambia kwamba sisi tuko tayari kumwosha na yeye? Nilisema mengi, mengine si ya kumwambia wifi mtu mzima. Akasubiri nimalize. Akafunga vifungo vya blauzi.

"Alitoka," akasema.

"Nani alitoka?"

"Nani mwingine? Mumeo, Sioeli. Alisimama akatoka. Mwanamume akitoka kwenye kikao anasema nini? Anasema simo. Nikaona hataki. Siwezi kukatwa mwili mimi halafu mdogo wangu awe hakutaka, nirudi hapa nimemwaibisha."

Nikamwacha hapo hapo. Nilikwenda shambani nikikimbia, na mwili huu nilio nao si wa kukimbia. Nilimkuta Sioeli kati ya miti ya vanila na kijiti chake mkononi, analifungua ua. Nikamuuliza kwa nini alitoka kwenye chumba cha daktari. Akaona haya hata kwangu, akaangalia chini.

"Nilitoka ili aweze kusema," akajibu. "Ile picha ilikuwa mezani, Mama Siale. Ningekaa vipi? Nilikaa kwenye ngazi nasubiri waniite wanipe siku ya kukatwa. Akaja akasema twende nyumbani. Nikajua amekataa. Sikuwa na mdomo wa kumuuliza."

Jamani. Watu wawili wazima. Mmoja ametoka kwa heshima, mwenzake kaona amekataliwa, wamepanda ndege wakarudi kimya, na kile kitu huko ndani hakina heshima na mtu, hakijui kaka wala dada. Nililia pale shambani kwa sauti. Sioeli akanishika mkono, hakujua la kufanya na ule mwingine wenye kijiti.

Nikarudi mbio kwa Toakase na habari njema. Nikamwambia Sioeli anataka, alitoka kumpisha tu, anataka kwa moyo wote, hata usingizi hapati kwa ajili yake. Akanisikiliza huku anakwangua majani ya mkadi kwa kombe. Akaniuliza maneno hayo ni ya Sioeli au ni yangu. Nikasema ya Sioeli.

"Sioeli hasemi moyo wote. Sijamsikia akisema hivyo tangu azaliwe. Wewe ndiye husema." Wala hakuwa na hasira. "Wifi, tangu uje hapa unayatia sukari. Mimi najua, na yeye anajua, na hatujawahi kukukataza, ni matamu. Ila hili siwezi kukatwa kwa maneno yako."

Nikainuka nikarudi shambani.

Nilimrudishia Sioeli majibu yale yale, safari hii bila kuongeza wala kupunguza, yakanitoka kama miiba ya samaki. Alichavusha ua moja, akachavusha la pili. Nilidhani hakusikia.

"Basi nitakaa," akasema.

Hospitali ikatupa siku nyingine. Nami mara hii nikapata viza, baada ya mchungaji kunisemea. Tulikwenda watatu. Auckland ilikuwa baridi ya mifupani, Kalolaine akatulaza mimi na Toakase sebuleni, Sioeli kwenye gereji na mablanketi yote ya nyumba. Kalolaine alipojua kisa chetu alijishika kichwa, akaomba radhi mpaka ikawa kero. Siku ya daktari akajitolea aingie yeye, mwanamke, mwenye kasoro mwenzake, aliyepita njia hiyo hiyo. Toakase akamshukuru akasema hapana.

Chumba kilikuwa kidogo. Toakase alikaa karibu na meza, mimi kati, Sioeli kwenye kiti cha mlangoni, ameugeukia ukuta ulio mtupu. Alikuwa amevaa mkeka wake wa kiunoni, ule wa kwenda nao kanisani. Daktari akaeleza upya, na safari hii picha aliishika mkononi, nadhani alishajifunza. Akaeleza matiti, akaeleza vifuko vya mayai kwamba vitafuata baadaye, akaeleza kovu na mirija. Kila neno lilipotoka niliona shingo ya mume wangu inazidi kuiva. Nilitamani ardhi inimeze mimi kwa niaba yake. Daktari akasema pia kwamba kaka naye inafaa apimwe, maana kasoro hii haichagui, mwanamume anaweza kuwa nayo na kuipitisha kwa watoto wake, na hata yeye mwenyewe inaweza kumdhuru. Nikasikia jina la Siale na la Mafi kichwani mwangu, ingawa hakuna aliyeyataja.

Kisha akamuuliza Toakase kama anakubali kufanyiwa.

Toakase akainua nyusi. Kwetu hiyo ndiyo ndiyo, mtoto mdogo anaijua. Daktari akaendelea kusubiri. Nikafungua mdomo nikasema amekubali. Daktari akanitazama kwa upole akasema anataka kulisikia kwake mwenyewe, kwa kinywa chake, maana mara ya kwanza hakuwa na hakika ni nini kilitokea humu, na jambo lenyewe likishafanyika halirudi.

Toakase alikuwa anatazama mikono yake. Lile neno lilikuwa lazima litoke mbele ya kaka yake, na mlango ulikuwa kando ya kiwiko cha kaka yake. Niliuona mkono wa Sioeli umeshika ukingo wa kiti. Nilijua anainuka. Nami moyoni nikamlaani na kumhurumia kwa wakati mmoja.

"Toakase," akasema. Aliuambia ukuta, kwa lugha yetu. Sikumbuki kuwahi kumsikia akimwita jina lake. "Waambie wayakate matiti. Mimi nimekaa. Sitoki."

Wifi yangu alifumba macho kama mtu aliyepigwa kibao. Akafumbua, akamwambia daktari kwa Kiingereza cha shuleni, kila neno peke yake, kwamba anakubali, wachukue yote mawili. Daktari akaandika. Hakujua amesikia nini, yule mama, masikini ya Mungu. Sioeli alitoka baada ya hapo na kwenye korido nikamkuta ameegemea mashine ya kuuza soda.

Walimkata wiki hiyo. Ilikwenda vizuri, hakukuwa na kitu kilichoota bado, wakatuambia hatari imepungua sana. Kalolaine akalia, mimi nikalia. Toakase akauliza saa ngapi. Nilimuuguza kwenye sofa la Kalolaine, namwaga damu ya mirija, nambadilishia bandeji, na siku moja nampa chai ikamponyoka, ikamwagikia kifuani, chai ya moto, nikapiga yowe mimi. Yeye akaitazama inavyolowesha shuka.

"Sisikii," akasema. Akagusa pale palipolowa. "Sisikii kitu, wifi. Hapa, na ndani yake pia. Nilidhani wakishanikata hisia itarudi. Niko hai na sisikii kitu."

Nilimfuta. Nikamwambia itarudi. Akaniambia nisimtilie sukari, nikasema basi sijui, na hilo lilikuwa kweli.

Tuliporudi nyumbani, mke wa mhubiri alileta kuku mzima wa kuchoma na hakuwa na la kusema. Mambo ya kikundi yakaendelea. Ila kati ya wale wawili ilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Zamani Sioeli angalau alipita uani akasalimu. Sasa aliweka viazi vikuu kwenye ngazi ya dada yake na kuondoka kabla mbwa hajabweka. Akiiona nguo yake kanisani, anatoka mlango wa pembeni. Neno la nguoni lilikuwa limeshasemwa na hakuna wa kulimeza tena. Hata mimi hawakunituma. Nilikaa na mdomo wangu sina cha kubeba, na Mungu anajua ilivyoniuma.

Na kupimwa, Sioeli hakupimwa. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamnyima chakula, nikamnyima na mengine. Kila mara alisema tutaona, vanila ikiisha. Vanila ikaisha. Akasema tutaona baada ya Krismasi. Nilimwelewa. Alikuwa ameingia kwenye kile chumba mara moja na kilichobaki cha nguvu zake kilibaki mle. Lakini Siale amefikisha miaka kumi na tisa, ana kifua cha shangazi yake na kicheko cha shangazi yake, na mimi kila akiinama kuokota kitu namtazama kama mwizi.

Sikumwomba Toakase. Naapa sikumwomba, maana ningemwombaje? Alikuja mwenyewe, siku ya Jumatatu asubuhi, tumekaa barazani namenya muhogo, Sioeli anafunga maganda ya vanila mafungu mafungu, wasichana wanafua uani. Alikuja amenyooka, blauzi imelala bapa. Sioeli kumwona tu akaanza kuinuka.

"Kaa," Toakase akamwambia.

Akakaa. Mimi nikageuka kumtazama wifi nikidhani ataniambia mimi ili nimwambie yeye, nimeshaweka kisu chini tayari. Hakunitazama.

"Sioeli, mimi nimekatwa wewe ukiwa umekaa," akasema. "Kwako ni sindano tu. Unatoa damu ya kujaza kichupa, unarudi shamba." Akawatazama wale wasichana kwenye karai la nguo, na hapo ndipo nilipoona midomo yake inacheza, mara ya kwanza tangu lile jibu lije. "Pisila nilimwosha mimi. Wanao sitawaosha. Nakataa."

Sioeli aliweka fungu la vanila chini. Alikuwa anatazama miguu ya dada yake, juu ya hapo hakuweza. Niliogopa atasema tutaona.

"Lini?" akamuuliza.

Akamuuliza yeye, si mimi. Toakase akasema ndege ya Alhamisi ina nafasi, ameshauliza. Nami nikaingia ndani nikakaa kwenye sakafu ya jikoni, nikalia mpaka muhogo wangu barazani ukaliwa na kuku.